Muulize Fundi: Harusi Desemba, suti bado iko kwenye simu

Habari za siku wapendwa. Huku kwetu Oktoba ikishaingia kila mtu ana kadi ya mchango mfukoni, na meseji zinazonifikia zinakuwa za maharusi tupu, kwa hiyo yule dada wa sare za kwaya na mzee wa kanzu mtanisamehe, mwezi huu tunamalizana na suti kwanza.

Swali: Shikamoo fundi. Mi chalii wa Ngarenaro, naoa Jumamosi ya tarehe 27 Desemba. Ibada ni asubuhi huko kwa wazee Machame afu jioni sherehe ukumbini Moshi mjini. Nina picha nimeitoa mtandaoni, suti ya bluu dabo bresti, imemkaa jamaa balaa. Rafiki yangu kaniletea kitambaa kutoka Kariakoo, pembeni kimeandikwa Super 150, anasema sufu tupu. Je nikimtumia fundi hiyo picha na vipimo vyangu kwa WhatsApp inatosha? Na nianze lini, maana kamati inanimaliza, kila Jumapili kikao.
*Bwana harusi mtarajiwa, Arusha*

Jibu: Marahaba kijana wangu, na hongera sana. Haitoshi. Picha inamsaidia fundi ajue unapenda kola pana au nyembamba, vifungo vingapi, mifuko ya namna gani, basi, kazi yake inaishia hapo. Huyo jamaa wa kwenye picha kasimama tu hajakaa chini, na mara nyingi koti limebanwa na pini mgongoni ambazo wewe huzioni. Wewe utapiga magoti madhabahuni, utakumbatiwa na wajomba na mashangazi wa ukoo mzima, utaingia ukumbini unacheza, afu ukae meza kuu masaa manne unakula ndafu. Suti yako inatakiwa iweze hayo yote.

Na vipimo vya kwenye meseji ndo hatari zaidi. Namba haimwambii fundi kwamba bega lako moja liko chini kuliko lingine, na watu wengi tuko hivyo, wala haisemi kama unasimama umenyooka au umeinama kidogo. Mimi mwenyewe nikiwa bado mgeni kwenye hii kazi nilimkatia bwana harusi mmoja koti kwa vipimo alivyoletewa na kaka yake kwenye kikaratasi, na namba zilikuwa sahihi kabisa, ila hakuna aliyeniambia kwamba mgongo wake umejikunja. Kuja kulivaa siku mbili kabla ya harusi, nyuma limepanda kama mkia wa jogoo na mbele limeshuka mpaka mapajani. Alioa na koti la baba yake mdogo. Mpaka leo nikikutana na yule kaka sokoni napitia njia nyingine.

Kwa hiyo nenda mwenyewe, na uende na viatu utakavyovaa siku hiyo na shati utakalovaa. Kisigino kikitofautiana hata nusu inchi suruali inabadilika urefu wote, na bila shati fundi hawezi kujua mkono wa koti uishie wapi. Unatakiwa uishie kwenye kifundo cha mkono, shati lichungulie kidogo, nusu inchi hivi.

Sasa kitambaa chako. Zile namba za Super zinaonyesha wembamba wa nyuzi za sufu, Super 100 unyuzi usizidi maikroni 18.75, Super 120 usizidi 17.75, namba ikipanda unyuzi unakuwa mwembamba zaidi. Laini ni kweli, lakini kitambaa kinajikunja haraka na kinachakaa haraka, kwa hiyo namba kubwa sio lazima iwe ndo bora. Na kuandika kwenye ukingo ni rahisi, nimeshaona Super 180 iliyoandikwa kwenye plastiki tupu. Fanya hivi: chomoa uzi mmoja pembeni, toka nao nje, uwashe na kiberiti. Sufu inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake ukilisugua kwa vidole linasagika. Poliesta inajikunja inayeyuka inabaki kidonge kigumu cheusi. Ukipata harufu ya nywele na kidonge pia, ni mchanganyiko, na wala usilie, mchanganyiko mzuri unashika mstari wa pasi vizuri na haujikunji ukikaa kwenye gari. Cha kuogopa ni ile inayong'aa, maana taa ya mpiga picha ikiipiga unatoka kama umemwagiwa mafuta.

Pima na urefu kabla hujaondoka nacho nyumbani. Kama upana ni inchi 60, suti ya vipande viwili inakula mita 3 hadi 3 na nusu, na dabo bresti inameza zaidi kwa sababu mbele zinapandana, ukitaka na kizibao ongeza kama nusu mita. Wengi wanaletewa mita 2 na nusu afu wanamlaumu fundi koti limekuwa fupi.

Kuna kitu watu wa Arusha mnasahau. Nyie mmezoea baridi, mko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini wako chini sana, na Desemba ukumbi umejaa watu na taa za video, hapo utaiva. Ila asubuhi kule Machame kuna ukungu na umande. Kwa hiyo chukua kitambaa cha uzito wa kati, gramu 250 hadi 280 kwa mita moja ya urefu, na mwambie fundi bitana mgongoni aweke nusu tu, juu ya mabega. Bitana yenyewe mara nyingi ni plastiki, ndo inayokutoa jasho kuliko hata kitambaa. Na dabo bresti huifungui fungui ukumbini kama ya kawaida, ikiwa wazi inaning'inia vibaya, yani ukichagua hiyo umekubali kukaa umefungwa usiku kucha. Mimi ningekushauri vifungo viwili vya kawaida, lakini harusi ni yako.

Muda: nenda wiki hii. Najua utasema bado miezi miwili. Novemba ikiisha fundi ana nguo za Krismasi, ndugu wote wameshapanda huku kutoka Dar na kila mmoja ana kitu cha kupunguza, na nyuma ya hapo zinagonga sare za shule za Januari. Halafu nikwambie siri ambayo mafundi wenzangu watanichukia. Ile "njoo Ijumaa, njoo Jumatatu" sio uvivu. Mara nyingi advansi yako imenunua bitana ya mtu aliyekutangulia, na yako inasubiri advansi ya mtu anayekuja nyuma. Dawa yake nunua kila kitu mwenyewe, kitambaa, bitana, gamu (kile kitambaa chenye gundi kinachokaa ndani ya kifua cha koti), vifungo, zipu, afu ufundi ulipe kwa vipande vitatu: kidogo akikata, kidogo siku ya kujaribu, kilichobaki ukiivaa ukaridhika. Na harusi mwambie ni tarehe 13.

Hiyo siku ya kujaribu usikubali irukwe. Koti linakuwa limepigwa bandi tu, nyuzi nyeupe ndefu ndefu, halina mikono au lina mmoja, ukijiangalia kwenye kioo unaona kama umetoka jalalani. Usiogope. Hapo ndo kila kitu bado kinarekebishika kwa wembe na chaki. Nyanyua mikono kama unaendesha gari, jikumbatie, kaa kwenye kiti, halafu piga magoti hapo hapo barazani, wapita njia wacheke. Mshono wa suruali wa nyuma ukilalamika leo ni bahati yako, maana siku ya harusi ukipiga magoti kanisa zima liko nyuma yako linaangalia sehemu hiyo hiyo. (Na soli za viatu pia wanaziona. Bandua ile stika ya bei.)

Swali: Fundi shikamoo. Mwenzangu ana kitambi, ameanza gym mwezi uliopita, anasema mpaka Desemba atakuwa ametoa kilo 10 kwa hiyo suti ikatwe kwa saizi atakayokuwa. Mi naona kama anajidanganya ila naogopa kumwambia. Pia shela langu sio jeupe kabisa, ni krimu, yeye shati lake jeupe pee, kuna shida?
*Bi harusi mtarajiwa, Moshi*

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwambie imesema fundi, hasira zije kwangu. Suti inakatwa kwa mwili wa leo. Kupunguza ni kazi ya saa moja, kuongeza kunategemea kitambaa kilichobaki ndani ya mshono, na kama hakikuachwa basi hakipo. Aombe aachiwe inchi moja ndani, mshono wa kati wa mgongo na ule wa nyuma wa suruali. Akipungua tunabana wiki ya mwisho, asipopungua hakuna aliyejua. Na kusema kweli, mtu mwenye vikao vya harusi kila wiki, kila kikao nyama na mbege, akitoka na kilo zile zile alizoingia nazo nampa mkono.

Kitambi chenyewe sio tatizo. Tatizo ni kuvaa suruali chini ya kitambi, inateleza, shati linatoka, anakaa anaivuta usiku mzima. Suruali ikae juu, usawa wa kitovu, na ishikwe na saspenda badala ya mkanda. Hazionekani ndani ya koti, na mbele ya suruali inashuka imenyooka.

Shati: ndiyo, kuna shida ndogo. Jeupe pee likikaa karibu na krimu, shela lako kwenye picha litaonekana kama limefuliwa na maji ya kisima. Kata kipande kidogo cha krimu, mpe akaende nacho dukani, na wakilinganisha watoke nje juani, taa za duka zinadanganya.

Swali: Kaka habari. Mi ni bestimani. Bwana harusi ameshashona yake ya kijivu, sasa anataka na mimi nishone ile ile. Duka bado lina kitambaa hicho. Niendelee?
*Bestimani, Usa River*

Jibu: Salama mdogo wangu. Ulizia kama ni jora lile lile. Kama walishalimaliza wakafungua jora jingine, rangi inaweza kupishana kidogo hata kama ni kiwanda kimoja na namba moja, na kwenye picha ya pamoja mmesimama bega kwa bega itaonekana. Likiwa jora jingine usihangaike kufanana, chukua kijivu kilichokolea kabisa mbali na chake ieleweke ni makusudi, tai ndo ziwe sare. Mnaopanga sasa hivi, nunueni vyote siku moja, vya bwana harusi, bestimani na wale watoto wa maua.

Swali: Fundi nina uchungu. Nilishonewa suti ya send-off ya dada yangu, siku ya kwanza ilikuwa safi, niliivaa mara mbili nikaifua mwenyewe kwa mkono maji ya uvuguvugu, sasa kifuani imetoka vijipovu kama ngozi ya aliyeungua. Fundi aliyeshona anasema ni kosa langu. Nina harusi ya kaka Januari nilitaka niivae.
*Mwenye uchungu, Sakina*

Jibu: Pole sana. Wote wawili mmechangia ila yeye zaidi. Ndani ya kifua cha koti kuna gamu, kile kitambaa chenye gundi upande mmoja kinachoshikizwa kwa pasi, ndo kinafanya mbele isimame. Gundi inataka moto wa kutosha, mgandamizo, na pasi itulie pale pale kwa sekunde kadhaa kabla ya kusogea. Fundi mwenye foleni anapitisha pasi kama anapiga shuka, au mkaa umeshapoa, inashika juu juu, siku ya kwanza huoni kitu. Ikikutana na maji, gamu inajikunja kivyake, kitambaa kivyake, katikati panajaa hewa. Hivyo vijipovu.

Jaribu kwanza kuweka kitambaa chenye unyevu juu yake, ukandamize pasi ya moto bila kuiburuta, nyanyua, sogea, kandamiza tena. Ikitulia unaweza kuivaa Januari, ila usiitegemee zaidi ya hapo. Isipotulia, koti lifunguliwe mbele na gamu ibadilishwe, na hiyo ni kazi kubwa, fundi mwingine atakuambia bora ashone jipya. Tangu sasa koti usilifue kwa maji. Litundike kwenye hanga pana, upepo ulipige, doa lifutwe hapo hapo lilipo, na likichafuka kweli lipeleke drai klina. Suruali ndo inachafuka zaidi, ila zipeleke pamoja, la sivyo rangi zitaachana.

Swali: Fundi nauliza haraka, sina hela ya kushona. Nikipata suti ya mtumba pale soko la Memorial nikampa fundi aipunguze, nitaaibika?
*Mshenga, Majengo, Moshi*

Jibu: Huaibiki hata kidogo, kuna makoti pale yameshonwa kuliko nishonavyo mimi. Angalia mabega tu. Kiuno, mikono, urefu wa suruali vyote vinarekebishika, bega likizidi hakuna fundi wa barazani atakayelirudisha likakaa sawa, itabidi koti lote livunjwe. Livae, egemea ukuta kwa ubavu: pedi ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, ni kubwa, lirudishe kwenye rundo hata kama wanakubembeleza bei. Na kagua mifuko ya ndani. Mteja wangu mmoja alikuta tiketi ya treni ya Ujerumani, imepigwa muhuri na kila kitu, ameiweka kwenye fremu pamoja na picha ya harusi.