Vumbi la dhahabu kwenye difu ya Peugeot 404

Swali: Shikamoo fundi. Babu alituachia Peugeot 404 saluni ya mwaka 1967, tunayo hapa Moshi. Mwezi uliopita fundi wa mtaani alibadilisha mafuta ya difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu), akaweka mafuta ya gia ya daraja la GL-5, 80W-90. Jana nimefungua nati, mafuta yanametameta kama yametiwa vumbi la dhahabu. Fundi anasema difu imekufa, tukate tuweke ya Toyota. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tafadhali usikate kitu.

Difu hiyo haifanani na hizi tulizozoea. Kwenye magari mengi pinieni (gia ndogo) ya chuma huzungusha krauni (gia kubwa ya duara) ya chuma. Kwenye 404 pinieni ni parafujo: chuma kigumu chenye mzingo kama wa skrubu, kinachozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Meno yake huteleza karibu muda wote, na shaba ilichaguliwa kwa sababu hukubali kuteleza juu ya chuma bila kung'ang'aniana nacho. Ndiyo maana 404 nzima ikipita husikii mlio wa difu.

Sasa GL-5 ina dawa nyingi za salfa na fosforasi, zilizokusudiwa chuma kwa chuma. Difu ikipata joto, salfa ile huweza kuishambulia shaba. Jino linaota ngozi nyembamba, msuguano unaibandua, inaota nyingine. Vumbi uliloliona ni hilo.

Endesha kilomita chache mafuta yapate joto, kisha yamwage kwenye beseni safi. Chukua sumaku, ifunge kwa nailoni, ipitishe humo. Shaba haishiki sumaku. Ukikuta vumbi laini tu la shaba, difu ya babu bado ina maisha. Vikinata vipande vya chuma, shuku beringi au parafujo yenyewe. Ukiokota chembe za shaba za kushikika kwa vidole, gari lisitembee tena mpaka difu ifunguliwe.

Kwa mafuta, nenda kwa wauzaji wa vilainishi vya viwandani, ulizia mafuta ya giaboksi za parafujo, ISO VG 460 (namba ya uzito wa mafuta), yasiyo na salfa kali. Ukiyakosa, chukua GL-4 nzito (daraja lenye dawa chache kuliko GL-5) ambayo kopo lake limeandikwa kuwa ni salama kwa shaba. Usioshe difu kwa petroli. Jaza mafuta mapya, tembea kama kilomita 200, mwaga, jaza tena.

Kuhusu difu ya Toyota: propela shafti ya 404 (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) imo ndani ya bomba lililofungwa kwenye difu, na bomba hilo ndilo linalopokea msukumo wa magurudumu ya nyuma. Difu ya Toyota haina pa kulishikia. Utajikuta unabuni upya nyuma nzima ya gari. Na difu hiyo anayoidharau fundi wako ndiyo aina iliyobeba ushindi wa Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968; ile miwili ya katikati usukani ulikuwa kwa Bert Shankland, dereva wa hapahapa Tanzania.

Ukishajaza, kagua sili za difu. Zikivuja, badilisha mapema, maana parafujo ikikosa mafuta huunguza shaba kwa safari moja tu.