Shangazi, niende kwa padre au kwa mshauri nasaha?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma sekondari ya Kikatoliki, bweni. Tangu muhula uanze sipati usingizi na alama zimeporomoka. Rafiki yangu anasema nikaungame kwa padre, eti siri haitoki. Lakini mimi si Mkatoliki, na sijakosea lolote. Nina huzuni tu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Huzuni si dhambi, usiibebe kwenda nayo kuungama. Kuhusu siri, rafiki yako kasema kweli: kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inamkataza padre kabisa kumfichua aliyeungama. Ila ukimkuta ofisini mkaongea, hayo ni mazungumzo, si sakramenti ya kuungama, na kanuni hiyo haiyahusu. Na kwa mazungumzo haulizwi mtu dhehebu lake.

Mimi ningeanza kwa mshauri nasaha. Muulize mapema ni yapi atakayowaambia wengine. Maisha yako yakiwa hatarini, hatanyamaza, na ni haki asinyamaze. Usimwambie tu "sijisikii vizuri", maana atakupa pole na utarudi darasani. Mwambie unapanda kitandani saa ngapi, unashtuka saa ngapi, fikra gani inakuja kwanza. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, jambo ambalo kengele za mabweni hazijawahi kulisikia!

Na kama umewahi kuwaza kujidhuru, weka gazeti chini sasa hivi. Mfuate mtu mzima yeyote unayemwamini, hata akiwa mpishi.