Sarah Goodridge, aliyechora nyuso kwenye pembe ya ndovu

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mwanangu yuko chuo anasoma sanaa, kanionyesha kwenye simu picha ndogo sana ya zamani ya Marekani, aliyechora ni mwanamke anaitwa Sarah Goodridge, ati kachora juu ya pembe ya ndovu. Hivi rangi ya maji inashikaje kwenye pembe? Na enzi zile mwanamke alisomea wapi uchoraji? (Mama Wawili, Tanga)

JIBU: Nzuri mama, mwanao mwambie ahsante sana maana huyo dada nampenda mno. Kusoma hakusoma kihivyo. Kazaliwa 1788 Templeton, Massachusetts, mtoto wa sita kati ya tisa, karatasi ilikuwa ghali basi anachukua pini anachora kwenye magome ya miti, au kijiti anachora kwenye mchanga wa sakafu ya jikoni. 1820 akafungua studio Boston, na hapo ndo mzee Gilbert Stuart, yule aliyemchora George Washington, akawa anamwangalizia kazi na kumwelekeza, mwishowe mzee mwenyewe akakaa kwenye kiti akachorwa na Sarah.

Sasa pembe. Inakatwa kijipande chembamba mpaka mwanga unapenya, halafu inasuguliwa itoke mafuta na utelezi, bila hivyo rangi inajikusanya matone matone kama maji kwenye jani la mgomba. Rangi unachanganya na gundi ya mti, unashika brashi nyembamba, nukta kwa nukta, na ule weupe wa pembe unang'aa kutokea chini, ndo maana mashavu yanaonekana yana damu kabisa! Miaka hiyohiyo meli za Salem, jirani tu na Boston, zilikuwa zinakuja Unguja kununua pembe, kwa hiyo biashara hiyo inatugusa na sisi. Ila ni kazi ya kumaliza macho, na yake yalichoka kweli, kwenye 1851 akaacha kuchora.

Wengi wakimtaja wanarukia Daniel Webster, yule seneta wa Marekani, kwamba Sarah alimchora mara kama 12, kwamba bwana alimwandikia barua zaidi ya 40, kwamba 1828 Sarah akajichora kifua chake wazi akampa, picha iko Metropolitan Museum, New York. Ni kweli na ni ujasiri mkubwa, lakini mi inaniuma wakiishia hapo, maana huyu hakuolewa, na kwa brashi hiyohiyo alimtunza mama yake miaka 11 na kulea mtoto yatima wa ndugu yake, na mdogo wake Eliza naye akawa mchoraji wa picha hizohizo. Alifariki Boston Desemba 1853.

Mwambie mwanao atafute ile aliyojichora uso mwaka 1830, iko Museum of Fine Arts, Boston. Aikuze kwenye simu, aanze na macho.