Mtoto aliyeamua kukosea

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtoto akitambua kwamba mtu mzima amefanya udanganyifu mashindanoni ili yeye ashinde, afanye nini? Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Tanga kwa miaka 31, na naona kwamba swali hili limetwikwa asiyestahili kulibeba. Mtoto, kwa nilivyoshuhudia, huwa amekwisha kufanya la kwake kabla sisi hatujazinduka. Aliyebaki na deni ni mtu mzima.

Miaka 14 iliyopita shule kadhaa za jirani zilishindanisha wanafunzi wa darasa la sita katika tahajia. Mtoto aliitwa mbele, akatajiwa neno, akalirudia, kisha akataja herufi moja baada ya nyingine mbele ya wazazi na walimu. Asiyezoea atadhani mashindano hayo ni mepesi, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kumbe ugumu umo humo humo. Penye "dh", "th" na "gh", ulimi wa msomaji ndio jibu lenyewe: akitamka "fedha" sawasawa amekwisha kumpa mtoto herufi zote, na akitamka "feza", kama wengi wanavyosema mitaani, amemtegea. Kwa hiyo msomaji wa maneno ana nguvu kuliko mwamuzi yeyote, na upendeleo wake hauachi alama karatasini. Nimewahi kumsikia msomaji akiwatamkia watoto wa shule yake "thelathini" kwa utulivu, ulimi katikati ya meno, na muda mfupi baadaye akawapa wageni "dharura" kwa haraka hata ikasikika "zarura". Watoto waliokaa kwenye mkeka walitazamana. Sisi wakubwa tulitazama saa.

Siku ninayoisimulia, hila ilikuwa ya karatasi. Jioni ya kuamkia mashindano, mtu mzima wa shuleni kwetu alimpa mwanafunzi wangu hodari, binti wa miaka 12, orodha ya maneno 20, akamwambia kwamba ni mazoezi. Kesho yake, maneno yalipoanza kumjia kwa mpangilio ule ule, binti akaelewa. Alijibu mawili. La tatu lilikuwa "ghadhabu", neno ambalo alikuwa akiliandika kwenye daftari lake la imla bila kosa tangu darasa la nne, na ambalo nyumbani kwao, nyumba ya wenyeji wa pwani waliosoma Kurani chuoni, hakuna anayelitamka vibaya. Alisimama kimya kwa muda, kisha akataja: g, a, z, a, b, u. Akarudi kuketi.

Nilimgombeza ndani ya daladala, kutoka Ngamiani hadi Pongwe. Nilimwambia kwamba ametuaibisha, kwamba neno lile hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Hakujitetea. Wiki mbili baadaye bibi yake alikuja shuleni, akafungua pindo la kanga, akanipa karatasi iliyokunjwa. "Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu hali, halali. Hii nimeikuta chini ya godoro lake."

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Mtoto yule tulimlea vyema. Alifundishwa kuamkia, kupokea kwa mikono miwili, kutomjibiza mkubwa, na alijua kwamba kumwambia mtu mzima "unafanya uongo" ni utovu wa adabu unaoweza kumletea fimbo. Hakuwa na njia ya kuikataa ile karatasi wala ya kuisema, akabakiwa na njia moja tu, ya kujinyang'anya ushindi mwenyewe hadharani na kukubali kuitwa mjinga na mwalimu anayempenda. Hakuna mtoto anayestahili kulipia kosa la mkubwa kwa namna hiyo.

Nami nilifanya nini? Niliipeleka karatasi kwa waliokuwa juu yangu. Nikaambiwa kwamba hakuna aliyedhurika, kwa kuwa hatukushinda, na kwamba jambo kama hilo likisikika hapa Tanga, mkoa aliozaliwa Shaaban Robert na ambako watu wanajivunia Kiswahili chao, itakuwa fedheha. Nikanyamaza. Naandika haya kwa sababu ya kunyamaza kule.

Wapo wanaosema kwamba watoto hawajali haki mradi wapate zawadi. Mwaka 2022, baada ya mtihani wa darasa la saba, mwanafunzi wa mkoa wa Pwani alisema waziwazi kwamba alibadilishiwa namba yake ya mtihani. Uchunguzi wa Baraza la Mitihani ulithibitisha maneno yake, na shule ikafungiwa kuwa kituo cha mtihani. Na mwaka 1983, katika mashindano makubwa ya tahajia ya Marekani yaliyofanyika Washington, mvulana wa miaka 13 aliwafuata waamuzi mwenyewe akawaambia kwamba hawakumsikia vizuri, neno "echolalia" amelikosea. Akatolewa. Waamuzi wale walimsikiliza, na hapo ndipo penye tofauti na kwetu: yeye alipata wa kumwambia.

Basi kwa wazazi wanaosoma ukurasa huu, nasema tuwape watoto maneno ya kukataa yasiyovunja heshima, nao wayazoee nyumbani kama wanavyozoea shikamoo: "Samahani mwalimu, naomba nisiipokee hii." Mtoto akija na habari ya namna hiyo, neno la kwanza kutoka kinywani mwa mzazi liwe la kumshukuru, kwa sababu swali la "nani amekutuma?" humfunga mdomo mwaka mzima. Na aliyetenda hila amkabili mtoto huyo huyo, aseme kwa ulimi wake kwamba amekosa. Kumwondoa kimyakimya kwenye kamati hakumfikii mtoto.

Mashindano yenyewe yanaweza kulindwa kwa kopo. Siku hizi ninapoalikwa kuwa mwamuzi, naomba maneno yaandikwe kwenye vipande vya karatasi, yatiwe katika kopo la maziwa, na mtoto achomoe chake mbele ya watu. Msomaji atoke shule isiyoshindana, na mtoto awe na haki ya kuomba arudiwe neno bila kununiwa. Baadhi ya walimu wenzangu huona ninawatilia shaka. Sijapata namna ya kuwaeleza isipokuwa kuwasimulia haya.

Mwaka jana nilimtafuta yule binti. Ni mama sasa, ana duka la vitambaa. Nilimwomba radhi kwa maneno ya ndani ya daladala, na kwa kunyamaza kwangu baada ya bibi yake kuja. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ile karatasi bado ninayo. Nilikuwa nayo mkobani. Aliisoma yote, neno kwa neno, akaniomba abaki nayo.