Ni nukta au ni tundu la mdudu? Kwa nyie mnaoanza kuweka hati za zamani mtandaoni

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii karibuni sana, nataka niwaambie kitu ambacho mi nilikijua kwa kuchelewa. Picha ya kuzumu, ile ambayo mtu anaivuta kwa vidole viwili mpaka anaona nyuzi za karatasi, haianzii kwenye kompyuta, inaanzia pale mezani unapoweka kamera.

Mwaka wangu wa kwanza tulipiga kitabu kizima cha mashairi ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa kuogopa diski kujaa tukapunguza kila picha ikawa na upana wa pikseli 1000 (pikseli ni vile vimiraba vidogo vinavyounda picha), zile kubwa tukafuta. Kwenye skrini zilipendeza kweli. Akaja mzee mmoja, msomaji hodari wa hati hizo, akainama akaniuliza, "Mwanangu, hii ni nukta au tundu la mdudu?" Nikavuta, nikavuta tena, vikawa vimiraba tu vyenye ukungu. Na kwenye hati zile ra na za zinatofautishwa na nukta moja basi, kwa hiyo kura inaweza kusomeka kuza, na mshairi hayupo wa kumuuliza. Kitabu kilisharudi kwa wenyewe, ikabidi tukaombe upya, na hilo linaniuma hadi leo maana karatasi ile kila ikifunguliwa inamegeka pembeni.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ukurasa wa sentimita 20 kwa 30 ukiupa upana wa pikseli 1000, milimita moja inapata pikseli 5, nukta ya nusu milimita inabaki na mbili na nusu, hapo hamna kitu. Ukipiga kwa pikseli 300 kwa inchi, nukta ileile inapata kama 6, na ukienda 600 inapata kama 12, mzee anaona mpaka kingo za wino. Kwa 600 ukurasa huo unatoka karibu pikseli 4,700 kwa 7,100, na faili la TIFF, aina ya faili la picha linalotunza kila kitu, likiwa halijabanwa linafika kama megabaiti 100. Ndiyo, ni zito. Tafuteni diski mbili, moja ikae jengo lingine, na faili mama, yaani lile la kwanza lenye ukubwa wote, lisiguswe na mtu.

Sasa utaniuliza, nani atafungua megabaiti 100 kwa bando la siku? Hafungui zote, ndo uzuri wake. Programu inaikata picha vigae vidogo, mara nyingi pikseli 256 kwa 256, halafu inatengeneza nakala ya nusu, na nusu ya nusu, mpaka inabaki picha ndogo kabisa, kama piramidi. Ukurasa wetu huo kwenye ngazi ya chini, ile yenye picha ya ukubwa wote, una vigae 532 lakini simu inaomba vile tu vinavyoonekana pale kwenye kioo, mtu akisogeza inaomba vingine. Piramidi yote inaongeza kama theluthi moja tu ya nafasi. Kukata vigae programu ya libvips inatosha, kuonyesha kwenye tovuti kuna OpenSeadragon, zote za bure, na hata seva ya kawaida kabisa inaziweza.

Mkishazoea hapo jifunzeni IIIF. Ni utaratibu wa pamoja wa kuita picha, ambapo anwani yenyewe inasema nipe kipande hiki, kwa ukubwa huu, basi. Faida yake kwetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hati zetu zimetawanyika. Za Msikiti wa Riyadha kule Lamu zilipigwa picha kupitia mpango wa hati zilizo hatarini wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, nyingine nyingi za Kiswahili ziko chuo kikuu cha SOAS, London. Taasisi zikitumia utaratibu huo, msomaji anaweka kurasa mbili za nchi mbili ubavu kwa ubavu kwenye Mirador, programu ya kutazamia picha za IIIF, na kulinganisha mkono wa mwandishi bila kukata tiketi ya ndege.

Picha za kamera za zamani nazo msizidharau. Mkusanyo wa Winterton ulioko Northwestern University, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960. Maelezo ya picha za enzi hizo mara nyingi yanamtaja mzungu aliyekaa kwenye kiti, ukivuta nyuma yake ndo unakutana na watu wetu, mavazi yao, milango, mzigo wa mpagazi. Mi hapo ndo nakaaga muda mrefu.

Mezani sasa: weka rula na kadi ya rangi kwenye kila picha, weka karatasi tupu nyuma ya ukurasa wenye matundu ili maandishi ya ukurasa wa chini yasichungulie, piga na kurasa tupu pia, na majalada. Ukiwa na wasiwasi na alama fulani piga picha ya pili taa ikiwa imelala ubavuni, tundu litajionyesha kwa kivuli. Na kabla ya kuanza kaeni na wenye hati mkubaliane kipi kiende hadharani, kuna dua na siri za familia humo.

Siku ya kuweka hewani usijaribu kwa waifai ya ofisi. Chukua simu ya bei nafuu, washa data, tafuta nukta iliyofifia kuliko zote kwenye kitabu, ivute. Usipoiona vizuri rudi mezani kabla kitabu hakijaondoka.