Radoni kwenye ofisi ya chini: je, kuziba nyufa kunatosha?

SWALI: Mhariri, ofisi yetu Upper Hill iko chini ya usawa wa barabara. Tuliweka kikopo cha mkaa cha kupima radoni, ile gesi ya mionzi inayotoka ardhini, kwa siku 3, majibu yakaja bekereli (kipimo cha mionzi) 340 kwa mita ya ujazo. Fundi anataka kuziba nyufa za sakafu, kisha afunge feni dirishani ya kutoa hewa nje. Tumpe kazi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hiyo feni ikataeni. Ikitoa hewa ya chumba, chumba kitafyonza nyingine kutoka chini ya sakafu, na radoni iko huko huko.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli 100, na pasipowezekana isizidi 300. Nyinyi mmevuka hata hiyo 300, ila siku 3 ni dokezo tu. Rudieni kwa kipimo cha alama za alfa (kiplastiki kinachochorwa alama na chembe za mionzi), kikae miezi 3 au zaidi, nusu mita au zaidi juu ya sakafu, mbali na dirisha. Kile cha mkaa huharibiwa na unyevu, tena nusu ya radoni huisha kwa siku 3.8, kwa hiyo kikichelewa njiani kwenda maabara, majibu hayaaminiki sana.

Nyufa zibeni, pamoja na mianya inapopita mipira ya maji na nyaya, lakini msitegemee hilo peke yake. Zege hupasuka tena. Dawa ni kuvuta hewa chini ya sakafu. Fundi atoboe tundu la milimita 100 hivi, achimbue ndoo moja ya lita 20 ya kifusi, asimamishe bomba la PVC na kulizungushia silikoni. Bomba lipande hadi juu ya paa, mbali na madirisha. Feni ikae huko juu, kamwe isikae ofisini: bomba likivuja baada ya feni, gesi inamwagwa chumbani.

Kabla ya kumlipa, atoboe kitundu chembamba pembe ya mbali, mwashe udi hapo. Moshi ukizama, mvuto umefika. Usipozama, huenda zege limemwagwa juu ya ule udongo mweusi wa Nairobi bila mawe chini. Hewa haipiti, na bomba la pili litahitajika.

Feni haizimwi, hata wikendi. Stima ikipotea, gesi huanza kurudi. Fungeni kwenye bomba kile kimrija cha U chenye maji ya rangi: pande mbili zikilingana, feni imekufa.