Jibu: Patrick Ewing alikwama wapi Georgetown?

Mkuu, umeuliza inakuwaje nguli wa kikapu kama Ewing afeli kufundisha timu ya Georgetown, chuo kilekile cha Marekani alichokipa ubingwa 1984 akiwa mchezaji. Kwanza tumtendee haki: hakupewa kazi kwa jina tu. Baada ya kustaafu alikaa benchi la NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, kama kocha msaidizi zaidi ya miaka kumi, akisubiri timu ya kumpa ukocha mkuu. Hakuna iliyompa. Georgetown ndiyo ikamchukua, 2017.

Kilele chake ni Machi 2021. Timu yake, iliyopangwa nafasi ya nane kwenye mashindano, ikashinda mechi nne ndani ya siku nne na kubeba kombe la Big East, ligi ya vyuo anamocheza Georgetown, fainali wakiichapa Creighton 73-48. Tena ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, nyumbani kwake enzi akichezea New York Knicks ya NBA, ambako wiki hiyohiyo alilalamika kuwa walinzi wanamsimamisha kumuuliza kitambulisho! Jezi yake inaning'inia darini humo humo.

Msimu uliofuata, 0-19 kwenye ligi: vipigo 19, ushindi hakuna. Sufuri, mkuu. Machi 2023 akafukuzwa, akiwa ameshinda 75 na kupoteza 109.

Kwa maoni yangu tatizo halikuwa ubaoni, yaani kwenye mbinu za mchezo. Kocha wa chuo kila mwaka anasaka vijana na kubembeleza waliopo wasihame, na siku hizi kuhama ni rahisi. Akinjo na McClung, nyota wake wawili, waliondoka mapema. NBA, kazi ya kusajili ni ya meneja. Kocha msaidizi anafundisha tu.